Shajara ya Dawati la Mikopo, Newala

Februari

Mradi umeanza bila jina. Watu wanauita "dawati", kwa kuwa ndilo mali yetu pekee: dawati la shule lililovunjika mguu likaungwa kwa ubao, limekaa kwenye kibaraza cha steshenari jirani na stendi ya Newala, mkoani Mtwara. Tuko wanne. Mimi nafundisha hisabati, mwenzangu ni mwalimu wa taaluma, dada mwenye steshenari ndiye mwenye kompyuta na printa, na yupo mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama ambaye kila mtu anamwita Karani, hata wajukuu zake.

Kazi tuliyojipa ni kuwasaidia watoto wa kidato cha sita wa hapa na vijiji vya jirani, na wa Tandahimba pia wakija, kupata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kuomba wanaomba. Kupata ndiko kwenye kazi.

Ada iliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na mwaka 2022 ikaondolewa ya kidato cha tano na sita. Kwa hiyo mtoto wa mkulima anaweza kufika mtihani wa mwisho wa sekondari bila mzazi kudaiwa ada ya shule ya serikali. Akishamaliza, ndipo anakutana na ada ya chuo, chumba na chakula cha miaka mitatu au zaidi, vyote kwa pamoja.

Wiki hii tumekaa na waliomaliza mwaka jana, waliopata na waliokosa, tukafungua fomu zao moja moja. Nilitegemea kukuta waliokosa ni wenye nafuu kidogo. Sivyo. Kuna binti amepata ambaye baba yake ana duka, na kuna kijana amekosa ambaye kwao chakula cha mchana ni bahati. Tofauti yao iko kwenye viambatisho. Bodi haimwoni mwombaji wala haifiki nyumbani kwao, inasoma alichopakia. Umaskini usio na karatasi, kwenye mfumo haupo.

Sifa za kuanzia ni chache na karibu wote wanazo: awe Mtanzania, umri usizidi miaka 35, awe amepata udahili kwenye chuo kinachotambulika, asiwe na ajira inayomlipa. Baada ya hapo linakuja suala la uhitaji, na huko kila jibu linadai ushahidi. Yatima, lete cheti cha kifo. Una ulemavu, au mzazi anao, lete fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu. Kaya iko TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, toa namba ya kaya. Ulisoma shule ya kulipia, aliyekulipia ni nani?

Kwa hiyo tumekubaliana kutosubiri dirisha la maombi lifunguliwe katikati ya mwaka. Tunaanza na vyeti sasa.

Machi

Mwezi mzima ni RITA, RITA, RITA.

Cheti cha kuzaliwa cha mwombaji lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya kupakiwa, na cha kifo cha mzazi vivyo hivyo. Uhakiki wenyewe unafanyika mtandaoni na hausumbui sana kama cheti kipo. Lakini wengi wa kizazi hiki hawana. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, ule unaotoa vyeti zahanati na kwenye ofisi za kata, umewanufaisha wadogo zao. Wao walizaliwa mapema mno, wengine nyumbani kwa bibi, wengine shambani.

Binti mmoja wa Mkunya alifiwa na baba akiwa darasa la nne. Tulipomwomba mama yake karatasi zozote zilizopo, alikuja na sanduku dogo la bati alilolifunga kwa kitenge. Akalifungua hapo hapo kwenye dawati: kadi ya kliniki ya binti iliyotafunwa pembeni na mchwa, stakabadhi za chama cha ushirika za korosho za miaka ya nyuma, kadi ya TASAF, picha mbili. Cha kifo hakuna. Marehemu alifia nyumbani na kuzikwa siku ile ile kabla ya jua kuzama, kama ilivyo desturi, na hakuna aliyefikiria ofisi.

Karani akamweleza njia: barua ya serikali ya kijiji inayothibitisha kifo, kisha ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, kwa kuwa yeye ndiye msajili wa vizazi na vifo ngazi ya wilaya. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mume wangu nimeshamzika, mzee. Sasa mnataka nimzike tena kwa karatasi?" Karani akamjibu, "Ndiyo mwanangu, na safari hii usimzike bila risiti." Wakacheka wote wawili. Sisi wengine hatukujua kama turuhusiwe kucheka.

Lakini hoja ni nzito. Bila karatasi ile, fomu ya binti ingesema ana wazazi wawili hai, baba mkulima. Angepangwa kwenye foleni moja na mtoto ambaye baba yake yupo na analima.

Kingine kinachotusumbua ni majina. Huku kwetu, Wamakonde, Wamakua na Wayao, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Mara nyingi mjomba ndiye aliyempeleka mtoto kuandikishwa darasa la kwanza, na mwalimu akaandika jina la mjomba kama ubini. Mtoto akakua nalo, akafanya nalo mtihani wa kidato cha nne, sasa cheti cha kuzaliwa kinatoka na jina la baba. Mfumo wa Bodi unavuta majina kutoka NECTA, Baraza la Mitihani, kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo hapo hapo yanagongana. Karani anawapeleka kwa wakili waape kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Kwa ambao hawajasajiliwa kabisa tunakagua kila herufi kabla fomu haijaondoka mezani. Hadija asigeuke Khadija. Saidi asigeuke Said.

Aprili

Mvua. Watu wako shambani, dawati limepoa. Nafuu kwetu, tumepata muda wa kesi ngumu.

Ngumu kuliko zote ni ya kijana aliyesoma kidato cha kwanza hadi cha nne kwenye shule ya binafsi ya kulipia. Ukiona jina la shule tu unasema huyu kwao wanazo. Kwao hawana kitu. Mama anauza vitumbua, baba alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji miaka mingi na hajulikani alipo. Ada ilikuwa inalipwa na wafadhili kupitia parokia. Uhodari wake ulimpeleka shule nzuri, na shule nzuri inaweza kumnyima mkopo, kwa kuwa shule uliyosoma na ada yake ni sehemu ya kupima uwezo wa familia.

Dawa yake ni barua ya mfadhili inayosema waziwazi kwamba alimlipia, tangu lini hadi lini. Bodi inaitambua. Kuipata ndiyo shughuli. Ofisi ya shule ilimwambia aende parokiani, parokiani wakamwambia kumbukumbu ziko shuleni. Mwalimu wa taaluma alimaliza ubishi kwa kupanda bodaboda mwenyewe na kurudi na barua ya mistari sita. Fupi, lakini ina tarehe, ina sahihi. Tumeiweka.

Nasema hili kwa wazazi wanaosoma hapa: kama mwanao anasomeshwa na mtu au shirika, omba barua angali shuleni. Wafadhili huhama na ofisi hufungwa.

Za TASAF ni rahisi mno. Kadi huwa kwa bibi, tunanakili namba ya kaya, basi. Kitu cha kuangalia ni kama jina la mwanafunzi limo kwenye orodha ya wanakaya, maana bibi wengine waliandikisha wajukuu waliokuwa wanaishi nao wakati ule, na huyu alikuwa kwa mjomba.

Mei

Mitihani ya kidato cha sita. Tumewaacha wasome.

Kinachotutia presha ni JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Wakimaliza tu mtihani wanaitwa kambini kwa mujibu wa sheria, na huko kijana hashiki simu anavyotaka. Dirisha la mkopo nalo linafunguliwa akiwa kwenye gwaride. Kwa hiyo kila mmoja ameandaliwa bahasha ya kaki: cheti cha kuzaliwa na namba ya uhakiki, cha kifo kama kipo, picha ndogo, nakala ya kitambulisho cha mdhamini, namba ya TASAF, barua. Bahasha moja anaondoka nayo, nakala inabaki kwa dada wa steshenari kwenye kabati lenye kufuli.

Nimemsikia mzazi mmoja akisema mwanawe akitoka jeshini ndipo watafikiria mambo ya chuo. Mama mkwe wake akamkata kauli, "Utafikiria na nani, dirisha limefungwa?" Huyo bibi angefaa kukaa kwenye dawati letu.

Juni

Dirisha limefunguliwa.

Ada ya maombi ni shilingi 30,000, inalipwa kwa namba ya malipo kupitia simu au benki. Kwa mtu wa mshahara si kitu. Kwa mkulima wa korosho Juni ndio mwezi mbaya kuliko yote: fedha ya msimu uliopita imekwisha, minada ya msimu ujao iko Oktoba, na huu ndio wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho kabla maua hayajaharibiwa na ugonjwa wa ubwiri. Hata pale pembejeo zinapotolewa na serikali, bado kuna kumlipa mwenye bomba la kupulizia, na palizi. Baba akiwa na 30,000 mkononi anatazama mikorosho, anatazama fomu. Mimi simlaumu anayechagua mikorosho, ndiyo inayolisha wengine watano.

Tumeanzisha kamfuko. Walimu wachache wametoa, dada wa steshenari ametoa, na mfanyabiashara mmoja aliyeomba asitajwe. Anayekwama analipiwa ada, mzazi anaandika jina kwenye daftari, atarudisha korosho ikiuzwa. Hakuna riba, hakuna dhamana. Karani alitaka kila mmoja aweke dole gumba, tukamwambia mzee, hii siyo mahakama.

Mtandao mchana unasuasua. Tunajaza fomu kuanzia saa tatu usiku.

Julai

Matokeo yametoka, na pamoja nayo uvumi. Nimesikia mara nyingi hadi nimechoka kwamba mkopo ni wa wenye divisheni wani. Hapana. Ufaulu unakupatia udahili, na mkopo unatazama uhitaji. Kinachotazama ufaulu wa juu ni ule ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, kwa waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi, na huo haurejeshwi. Uvumi wa pili ni kwamba wa stashahada hawahusiki. Walikuwa hawahusiki. Tangu 2023/24 kuna mikopo kwa stashahada za fani za kipaumbele, kwa hiyo aliyekosa alama za chuo kikuu asikate tamaa kabla hajasoma mwongozo wa mwaka huu.

Jumamosi alikuja mzee wa Kitangari na binti yake. Binti anataka kusaini, mzee hataki kuwa mdhamini. Alinyamaza muda mrefu halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mtoto asipolipa, watakuja kuhesabu mikorosho yangu?"

Nilitoa salari slipu yangu ya mwezi uliopita nikaiweka mbele yake. Nilisoma kwa mkopo huo huo, bado nadaiwa. Nikamwonyesha kwa kidole: mshahara ghafi huu hapa, makato ya Bodi haya hapa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hakuna aliyefika kijijini kwetu kuhesabu chochote, wanakata kwa mwajiri. Aliyejiajiri naye anatakiwa kulipa, na anayemaliza chuo ana miezi 24 kabla marejesho hayajaanza. Sikumficha kwamba mdhamini anasaini mkataba, hasimami pale kama shahidi wa harusi. Mtoto akitoweka, yeye ndiye anayejulikana anapoishi.

Akauliza la pili, na hili ndilo lililokuwa moyoni mwake. Riba. Ni mtu wa swala tano. Nikamweleza kwamba zamani kulikuwa na nyongeza ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na iliwaumiza wengi maana deni lilikuwa linakua huku unalipa. Iliondolewa mwaka 2021, pamoja na faini ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Iliyobaki ni ada ya uendeshaji ya asilimia 1. Kama hiyo nayo ina ukakasi, nikamwambia, hapo mimi si wa kutoa fatwa, amuulize shehe. Akaenda kumuuliza kweli. Alasiri akarudi, akasaini. Herufi zake nzuri kuliko zangu.

Agosti

Tumebanwa. Fomu ikishajazwa mtandaoni inachapwa, mwombaji anasaini, mdhamini anasaini, mwenyekiti wa kijiji au mtaa anagonga muhuri, wakili au hakimu anathibitisha, kurasa zenye sahihi zinaskaniwa na kupakiwa tena. Mnyororo ukikatika popote, maombi hayajakamilika, hata kama 30,000 imelipwa. Kijiji kimoja mhuri ulikuwa umesafiri na mwenyekiti. Mwenyekiti mwingine alimwambia mwombaji aje kesho, na kesho ikawa na kesho yake, mpaka Karani alipokwenda kumsalimia. Alichomwambia hatukukisikia.

Na wapo vishoka. Wanazunguka stendi wanawajazia watoto fomu kwa simu zao wenyewe, wanaweka namba zao za simu na barua pepe zao, nywila wanabaki nazo. Mtoto akitaka kurekebisha kosa hawezi kuingia kwenye akaunti yake, anaambiwa alipe tena. Tumekuta hata mmoja aliyeandikiwa namba ya kidato cha nne ya mtu mwingine. Hilo ni baya kuliko yote, kwa sababu namba aliyoombea udahili na aliyoombea mkopo lazima iwe moja, vinginevyo Bodi haitamwona kwenye orodha ya waliodahiliwa. Aliyerudia mtihani wa kidato cha nne naye awe makini hapo hapo.

Septemba

Kimya. Tunangoja. Printa imekufa, wino umeisha, na hakuna wa kulaumiwa kwa vyote viwili.

Oktoba

Majina yanatoka kwa awamu. Kila mmoja anaingia kwenye SIPA, akaunti yake kwenye mfumo wa Bodi, anaona kama amepangiwa na amepangiwa nini.

Binti wa Mkunya yumo awamu ya kwanza. Ada yote, chakula na malazi shilingi 10,000 kwa siku, vitabu, na mafunzo kwa vitendo. Mama yake alipopewa habari alikuwa anaokota korosho. Aliuliza kama cheti cha kifo sasa anaweza kukirudisha sandukuni.

Wengine wamepata nusu nusu. Hapa ndipo vijana wanapochanganyikiwa, kwa kuwa walidhani ni kupata au kukosa. Bodi inagawa kwa kadiri ya uhitaji ilivyousoma: mmoja anapata chakula na malazi kamili na sehemu ya ada, mwenzake asilimia zake tofauti. Tumekaa na kila mzazi wa kundi hili tukapiga hesabu ya kilichobaki, na mnada wa kwanza wa korosho umetusaidia kuliko hotuba yoyote. Bei ikijulikana, mtu anajua ni gunia ngapi zinakwenda chuo.

Kitu kisichosemwa na yeyote mapema: bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, haliko mfukoni siku unaposhuka basi. Mtoto anatakiwa ajisajili kwanza, na kwenye usajili kuna bima ya afya, 50,400 kwa asiye na bima nyingine, pamoja na godoro, ndoo na chakula cha wiki za mwanzo. Anayetoka huku ana nauli ya Dar es Salaam au Dodoma juu yake. Tumewaambia familia zitenge hiyo kando hata kama mkopo umetoka wote. Waliolipiwa ada ya maombi wameanza kurudisha, na fedha hiyo hiyo inazunguka kuwa nauli za wengine.

Kijana wa barua ya mistari sita hayumo. Hakupangiwa hata senti.

Novemba

Dirisha la rufaa. Tumefungua maombi yake ukurasa kwa ukurasa. Barua ya mfadhili imepakiwa, inasomeka, lakini haina mhuri wa taasisi, na haitaji kiasi kilicholipwa. Mistari sita ya ukweli isiyo na mhuri. Mwalimu wa taaluma alipanda tena bodaboda. Safari hii parokia wamefukua leja, wametoa barua yenye nembo, miaka minne na ada ya kila mwaka, na ofisi ya shule imegonga mhuri chini. Tumeongeza barua ya kijiji kuhusu baba aliye Msumbiji. Hatujui kama ina uzito wowote, ila ni kweli na mwenyekiti anaijua.

Yeye mwenyewe amekwenda chuo, kajisajili kwa fedha ya mjomba aliyeuza korosho kilo kwa kilo. Jana jioni alinitumia ujumbe: rufaa imekubaliwa, chakula na malazi kamili, ada asilimia kadhaa. Mjomba anasema iliyobaki ni ya kwake.

Wawili wa rufaa hawajajibiwa. Mmoja jina bado linagongana, na wakili anasema hapo kiapo hakitoshi, abadili jina kisheria. Hilo litachukua muda.

Kwa mwaka ujao tumeamua kutoka kibarazani. Majina ya kidato cha tano tumeyachukua kutoka ofisi za taaluma za shule mbili, na tumewapanga kwa makundi: wasio na cheti cha kuzaliwa kwanza, waliofiwa na mzazi bila cheti cha kifo pili, wanaosomeshwa na wafadhili mwisho. Mkuu wa shule moja ametupa kipindi cha Ijumaa alasiri. Karani atakuwa anakaa na kidato cha tatu, kukagua herufi za majina kabla hawajasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne. Kamfuko kana salio, na dada wa steshenari ameagiza printa kutoka Mtwara mjini. Mwenye katriji ya zamani ya wino mweusi asiitupe.